Ushauri: Mbuzi wawili wamekufa kwa majani ya maua ya getini, ning'oe bustani nzima?

Baba Vifuu

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu huwa napita kusoma tu na kuondoka, ila leo yamenifika.

Nimejenga nje kidogo ya Kibaha, mwaka wa nne huu tangu tuhamie. Mama watoto anapenda maua, nahisi kuliko anavyonipenda mimi. Getini tuna vichaka vinne vya oleanda, viwili vya maua meupe na viwili vya rangi ya waridi, vimeshapita ukuta. Watu wakipita wanasimama kupiga picha. Tulinunua miche barabarani, muuzaji akasema haitaki maji mengi na mbuzi hawaigusi. Hilo la mbuzi nililichukulia kama sifa.

Jumamosi kijana wetu wa bustani alipogoa. Zilijaa toroli mbili. Kwa nia njema kabisa, asiharibu chakula, akaenda kuyamwaga bandani. Tulikuwa na mbuzi watano. Jumapili alfajiri nikakuta mmoja ameshakauka, mwingine amelala ubavu, anahema kwa kukatakata. Naye hakufika saa nne. Daktari wa mifugo alipokuja hakupima sana. Aliokota jani moja kwenye mabaki, refu jembamba, lenye mshipa mweupe katikati, akaniuliza, "Hili mmelitoa wapi?" Nikamwonyesha getini. Akatikisa kichwa, basi.

Kilichoninyima usingizi si mbuzi. Binti yangu ana miaka mitatu, na jiko lake la kuchezea liko chini ya kile kichaka. Anapika kwenye vifuu, mboga yake ni hayo majani, wali wake ni hayo maua.

Mama mkwe kapiga simu kutoka Tanga, anasema ng'oeni kila kitu leo hii kabla jua halijazama. Mke wangu anasema tukianza hivyo tutabaki na mchanga. Nimezunguka uwanja nikaanza kuogopa kila kitu: kuna mbono kaburi kwenye mpaka wa nyuma, kuna ile ya sebuleni yenye majani mapana ya madoa meupe, kuna adeniamu kwenye chungu, na nyuma ya choo kuna mmea wa maua kama tarumbeta na matunda ya miiba ambao hakuna aliyeupanda.

Je, mtu mwenye mtoto mdogo anaweza kuishi na mimea hii au ni kujidanganya? Na kama nang'oa, nafanyaje? Kijana ameshaanza kutafuta kiberiti.

Kobe wa Mjini

Pole sana mkuu. Hao mbuzi mmezika au mmechinja?

Baba Vifuu

Tumezika. Daktari alikataza hata kumpa mbwa.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwambie kijana arudishe kiberiti jikoni. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Oleanda haichomwi. Moshi wake nao ni hatari, hasa kwa aliyesimama upande unakoelekea upepo. Haikaushwi kuwa kuni, na vijiti vyake visije vikageuzwa vya mishikaki. Sumu imo kuanzia mzizi hadi ua, na haitoki kwa kukauka.

Na hapo kwenye kukauka ndipo mbuzi wako walipokufia. Huyo muuzaji hakukudanganya kabisa. Jani bichi ni chungu, mbuzi aliye huru analigusa kwa mdomo anaenda zake. Lakini likinyauka ule uchungu unapungua, sumu inabaki palepale. Umfungie mbuzi bandani, ana njaa, umwekee toroli mbili za majani yaliyosinyaa, atakula. Katika kazi yangu visa vya namna hii nilivyoviona karibu vyote vilianzia kwenye panga la kupogolea. Kichaka kilikuwa kimesimama miaka hakijaua hata kuku.

Ukiamua kuing'oa: glavu, mikono mirefu, kata vipande, chimba kisiki chote maana ukiacha kitachipua tena. Fukia kwenye shimo refu mbali na banda na kisima. Usiyarundike kwenye mboji ambayo kesho mbuzi watafukua. Panga na glavu vioshwe kwa sabuni.

Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi, nijibu la mtoto kwanza.

Kama ni wiki imepita na anakula, anacheza, mshukuru Mungu ulale. Hakuna sumu ya oleanda inayojificha mwilini mwezi mzima kisha ikaibuka. Kushika majani peke yake kwa kawaida hakumdhuru, ingawa utomvu unaweza kuwasha ngozi. Shida ni kutafuna.

Sumu yake ni ndugu wa digoksini, dawa ile wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Ndiyo maana inakwenda moja kwa moja kwenye moyo: mapigo yanakuwa ya polepole au yanarukaruka. Kabla ya hapo utaona kutapika, tumbo kuuma, kuhara, kulegea. Na haisemi papo hapo, inaweza kuchukua saa kadhaa. Kwa hiyo mtoto aliyetafuna jani akaonekana mzima baada ya nusu saa, usiseme "amepona". Mpeleke, akae chini ya uangalizi.

Sasa nisikilizeni na nyie wengine, maana hili wodini linatuchosha. Mtoto akila mmea msioujua, msimtapishe kwa kidole. Msimnyweshe mafuta ya kula, wala maji ya chumvi. Hata maziwa msimlazimishe, mtoto aliyelegea yanamwingia kwenye mapafu. Mtoeni kilichobaki mdomoni, msuuzeni, kimbieni hospitali, na BEBENI TAWI LA MMEA au picha yake. Mara ngapi mama anafika ananiambia "amekula majani". Majani gani? "Ya kijani." Dada yangu!

Halafu nikuambie ukweli mmoja ambao hautaupenda. Kwa miaka niliyokaa wodi ya watoto, waliokunywa mafuta ya taa na dawa za kuulia wadudu kwenye chupa za soda ni wengi sana kuliko waliokula maua. Ukimaliza kukagua bustani, kagua na chini ya sinki.

Kidume wa Goba

Mnamtisha mwenzenu bure. Sisi tumekulia kwenye minyaa na mibono, hakuna aliyekufa. Hii hofu ya kila kitu tumeiokota kwenye mitandao.

Ngosha wa Kahama

Kidume, waliokufa hawaandiki humu.

Kwetu fensi ya boma ni minyaa, naijua vizuri. Nikiwa darasa la tano tulikuwa tunavunja vijiti vyake tunapigana navyo, ule utomvu mweupe unaruka kama maziwa. Ukamwingia mdogo wangu machoni. Alilia usiku kucha, macho yakavimba kama ngumi, siku tatu hakuona kitu, tulikuwa tunamshika mkono kwenda chooni. Bibi alikuwa amemwagia maji kidogo tu kisha akafunga kitambaa. Kumbe dawa ilikuwa ni kumwagia maji safi yanayotiririka, robo saa nzima bila kuacha, halafu hospitali siku hiyohiyo. Aliona tena, lakini ni bahati.

Hadi leo boma la mzee lina minyaa. Hatukuing'oa. Ila mtoto akikutwa ameshika kijiti anachapwa kwanza, maswali baadaye.

Sista wa Zamu

Kuchapwa sikuungi mkono, ila robo saa ya maji naiunga mkono mikono miwili.

Baba Vifuu

Nashukuru sana. Kiberiti kimerudi. Vipi hiyo mingine? Mke anauliza hasa ya sebuleni, kapewa na dada yake.

Bwana Shamba Mstaafu

Ya sebuleni, kwa ulivyoieleza, ni difenbakia. Ndani ya jani kuna chembe kama sindano ndogondogo. Mtoto akiling'ata mdomo unawaka papo hapo, ulimi unavimba, udenda unamwagika. Kuua ni nadra, kwa sababu hakuna anayerudia kung'ata mara ya pili, ila koo likivimba ni dharura. Ipandishe juu ya kabati au mrudishie shemeji.

Adeniamu ni ya jamii moja na oleanda na sumu zao ni za aina moja. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mti wa jamii hiyo ya adeniamu, na kwa mishale hiyo wanaangusha wanyama wakubwa. Lakini yako iko kwenye chungu, haipogolewi kwa toroli. Iweke juu ya ukuta ambako mkono wa mtoto haufiki, furahia maua yako.

Mbono kaburi ndio ningeuogopa kuliko yote kwa mtoto. Unajua kwa nini? Mbegu yake ni tamu. Ina ladha kama ya karanga. Oleanda chungu inajilinda yenyewe, mbono unakaribisha. Watoto wanapasua, wanagawana, baada ya muda mfupi wote wanatapika na kuhara. Wengi wanapona, ila maji mwilini yanaisha haraka. Miaka ile watu walipoambiwa mbono ni dizeli ya kesho, ulipandwa mpaka kwenye viwanja vya shule. Dizeli hatukuiona, mibono ipo.

Huo wa nyuma ya choo ni mnanaha. Huo usijadili na mtu, ng'oa kabla matunda hayajapasuka maana mbegu ni mamia.

Sista wa Zamu

Mnanaha naunga mkono. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafariki, uchunguzi ukaonyesha unga wa lishe ya msaada ulikuwa umechafuliwa na sumu ya mimea ya jamii hiyo. Hawakula mmea wenyewe, walikula uji. Aliyekula mnanaha anakauka mdomo, mboni za macho zinakuwa kubwa, joto linapanda, anaongea na watu wasiokuwepo, anashika vitu hewani. Nimewahi kuletewa kijana wa namna hiyo saa nane usiku. Nyumbani walikuwa wameshaita mtu wa kumwombea, gari limekuja baadaye.

Kidume wa Goba

Haya, nyanya nayo tung'oe? Majani yake si sumu? Na viazi vikiwa vya kijani?

Bwana Shamba Mstaafu

Swali zuri ingawa umeliuliza kwa kejeli. Muhogo mchungu una sayanaidi na umelisha mamilioni. Bibi zetu walijua uloweke siku ngapi, uanikwe vipi. Mwaka 1985 Tarime, njaa ikawabana watu wakafupisha zile siku, wakapatwa na konzo, miguu ikapooza, na konzo haina kupona. Muhogo ulikuwa uleule wa miaka yote. Sasa niambie, oleanda ya getini nani alimfundisha yule kijana wa Baba Vifuu? Muhogo umekuja na mafunzo yake. Haya maua ya barabarani tunanunua kwa rangi, hata jina hatuulizi.

Bi Asumini

Mwanangu Baba Vifuu, mimi ni mtu wa Mombasa, nimekuja kuwachungulia. Miti yangu uani haizidi saba na yote naijua kwa jina na kwa tabia.

Nikukumbushe kimoja hujakitaja. Angalia kwenye ua kama kuna turituri, ule mtambaa wenye mbegu nyekundu za kung'aa na doa jeusi. Zinapendeza mno, ndipo balaa lilipo. Watu huzitunga shanga na bangili, na mtoto mkononi mwake kila kitu ni peremende. Nzima ikimezwa huenda ikapita ilivyo kwa kuwa ganda lake gumu, lakini iliyotafunwa au iliyotobolewa kwa sindano ya shanga ni hatari kubwa. Mbegu za mbarika nazo vivyo hivyo. Mimi nilimrudishia mgeni wangu bangili yake mbele za watu, akanuna. Na anune.

Getini panda asumini, mke wako atavuna za kusuka kikuba, na mtoto akila ua moja hana neno.

Mkulima wa Dirishani

Mimi ninaishi ghorofani, nina swali langu dogo: maua yale mekundu ya Krismasi nayo ni sumu ya kuua? Nilitupa ya jirani mwaka jana bila kumwambia.

Sista wa Zamu

Yamesingiziwa. Utomvu unawasha, tumbo linaweza kuchafuka, basi. Mnunulie jirani mengine.

Baba Vifuu

Wakuu, narudi na mrejesho, ni wiki ya pili sasa.

Oleanda zote nne zimetoka. Tulibishana siku mbili. Mke alitaka tubakize moja nyeupe, hoja yake ikiwa kwamba Bwana Shamba mwenyewe kasema kosa ni panga. Ni kweli, ila panga lenyewe linashikwa na watu wanaobadilika, huyu kijana mwakani anaweza kuwa ameondoka na maelezo yangu yote. Nilimwambia mtoto akifika darasa la pili tutaipanda tena, akasema anaandika tarehe. Visiki vilitutoa jasho, vimefukiwa futi nne.

Mnanaha umekwisha. Adeniamu iko juu ya nguzo ya geti na imependeza kuliko ilipokuwa. Difenbakia imehamia ofisini kwangu. Mbono uko upande wa jirani kwa kama hatua moja, nimeongea naye, anasema ulipandwa na marehemu baba yake. Hapo nimenyamaza, nimeweka wavu tu upande wangu. Chini ya sinki nilikuta chupa ya maji ya Kilimanjaro ina dawa ya mchwa. Sista, Mungu akubariki.

Jiko la binti limehamia chini ya mwembe. Na kijana wa bustani sasa ameingia woga, hakati kitu bila kuuliza. Leo nikiwa kikaoni kanipigia mara tatu, nikatoka nje nikapokea. Anataka kujua kama mbuzi wanaruhusiwa matembele.

Nikamwambia matembele ruksa.