Tuzo apewe mwenye dalili nzuri au aliyeshafanya kazi ikaonekana? Naombeni ushauri

Wadau habari zenu, nimewekwa kwenye kamati ya kuchagua mshindi wa tuzo kubwa ya taaluma yetu na tumegawanyika kabisa. Wenzangu wanamtaka kijana mmoja ana kipaji kweli kweli ila kazi ndo kwanza inaanza, mi nasimama na mama mmoja ambaye kazi yake imeonekana miaka na miaka.

Hofu yangu ni hii, Obama alipewa Nobel ya Amani 2009 hata mwaka hajamaliza madarakani, Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, akapewa 2019 kwa kupatana na Eritrea halafu Novemba 2020 vita ya Tigray ikaanza hukohuko nchini kwake, sasa tuzo ishatoka unairudishaje? Wangari Maathai alianza kampeni ya kupanda miti 1977 akapewa 2004, pale nani angebisha.

Ila kuna upande unaninyima usingizi. Mwanafizikia Peter Higgs aliandika nadharia yake ya jinsi chembe ndogo kabisa zinavyopata uzito 1964 akaja kupewa Nobel ya Fizikia 2013 ana miaka 84, na Robert Brout aliyefanya kazi kama hiyohiyo mwaka uleule alishafariki 2011, marehemu hateuliwi. Medali ya Fields ya hisabati wanawapa wasiozidi miaka 40 makusudi, iwatie moyo waendelee.

Sasa niendelee kukomaa au nikubali? Kuna anayesema tuanzishe tuzo ya pili ya chipukizi, mi naona ndo njia ila wengine wanadai itashusha hadhi ya ile kubwa. Mliowahi kukaa kwenye kamati za hivi mlitumia vigezo gani? Kikao cha mwisho ni wiki ijayo.