Asubuhi moja katika Olvera Street, Los Angeles: nianzie wapi?

Mkazi wa Upanga: Ndugu zangu, mwezi ujao nitaondoka Dar es Salaam kwenda Los Angeles kumwona dada yangu, na nina asubuhi moja tu ya kutembelea Olvera Street, mtaa wenye kumbukumbu za Wameksiko. Nianzie wapi?

Mama Ilala: Mdogo wangu, ukishuka kituo cha treni cha Union Station, vuka barabara tu. Anza na nyumba ya Avila, iliyojengwa mwaka 1818 kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Ukiweka kiganja kwenye kuta zake nene utahisi ubaridi hata jua likiwa kali. Kuingia ni bure.

Msomaji wa Kigamboni: Nakubaliana na dada, ila usikose mchoro wa ukutani wa mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, wa mwaka 1932, unaomwonyesha mwenyeji wa asili akiwa amesulubiwa chini ya tai. Uliwaudhi wakubwa, ukafunikwa kwa rangi nyeupe, na haukuonyeshwa tena kwa umma hadi mwaka 2012. Kwangu mimi, huo una uzito kuliko vibanda vyote vya soko.

Mama Ilala: Ni kweli, lakini asile hotelini kwanza! Vipo vibanda vinavyouza chapati za mahindi zilizoviringishwa na nyama, zikamwagiwa mchuzi wa parachichi.

Mkazi wa Upanga: Asanteni sana. Nitaanza na nyumba, kisha mchoro.