Nimeweka akiba niende Fainali Nne Detroit, mama naye anahitaji bati. Naombeni ushauri

BintiUpanga:
Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Naishi Columbus, Ohio. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9. Kila Machi mimi na yeye tunabandika kwenye mlango wa friji jedwali la mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, tunajaza nani atamtoa nani, halafu tunaishi nalo wiki tatu. Timu nne za mwisho hukutana mji mmoja kwa nusu fainali na fainali, ndiyo Fainali Nne. Ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Hakuna marudiano, hakuna kusema tutawapata kwetu. Ndiyo maana mwaka 2018 chuo cha Virginia, waliopangwa namba 1 yaani daraja la wenye nguvu zaidi, walitolewa na UMBC, chuo cha Maryland cha namba 16 ambayo ni ya chini kabisa, kwa pointi 74 kwa 54, jambo ambalo upande wa wanaume lilikuwa halijawahi kutokea. Mwaka uliofuata Virginia hao hao wakabeba ubingwa. Nililia mara zote mbili.

Mapenzi haya yalianzia Dar. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu, nacheza kikapu Don Bosco pale Upanga, na Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet yuko Chuo Kikuu cha Connecticut anazuia mipira ya kila anayesogelea kikapu. Wakafika nusu fainali, Detroit. Kwa saa za nyumbani ilikuwa saa saba usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, na sikuwa na pa kuangalia. Asubuhi nilitoka kanisani na tawi langu mkononi, nikaenda moja kwa moja intaneti kafe, nikalipia nusu saa. Michigan State 82, Connecticut 73. Nilibaki nimekaa pale mpaka muda wangu ukaisha.

Sasa Fainali Nne ya 2027 inarudi Detroit, uwanja ule ule wa Ford Field. Kutoka kwangu ni kama saa tatu na kitu kwa gari. Nimeshaweka dola 1,500. Lakini mama yuko Morogoro, bati za chumba chake zimeoza, na masika huanza mwezi wa Machi. Kaka yangu ananiambia nachezea hela kwa mpira wa wanafunzi. Nifanyeje?

MluguruHalisi:
Dada, masika ya kwetu unayajua. Mama alale pakavu kwanza. Mpira utakuwepo mwaka ujao na mwingine.

Nuru_K:
Naomba nitofautiane na mkuu hapo juu. "Mwaka ujao" wa sisi tulio nje hauishi. Leo bati, kesho ada, keshokutwa msiba. Na Detroit yenyewe haimfikii kila mwaka, 2028 fainali zinahamia Las Vegas. Anayekesha usiku akigeuza wazee wa watu ana haki ya kitu kimoja cha kwake.

MluguruHalisi:
Nuru, haki anayo, sijamnyima. Nasema mvua haisubiri.

BabaDayton:
Binti yangu, umekaa Ohio miaka yote na hakuna aliyekwambia habari za Dayton? Kutoka Columbus ni saa moja na dakika chache. Mechi za kufungulia mashindano haya zimekuwa zikichezwa kwetu tangu 2001, uwanja wa Chuo Kikuu cha Dayton, ukiacha 2020 korona ilipofuta kila kitu na 2021 walipohamishia Indiana. Kwa miaka mingi zimekuwa Jumanne na Jumatano, mechi mbili kila usiku. Usidhani ni mechi za kujazia. VCU, chuo kingine cha jimbo la Virginia, mwaka 2011 walianzia hapa hapa wakafika mpaka Fainali Nne.

Nakwambia jambo la pili kama mtu aliyekuwepo Detroit 2009. Ford Field ni uwanja wa mpira wa Kimarekani. Tulikuwa zaidi ya watu 72,000. Nilikaa juu kabisa, na Hasheem mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3 nilimwona kama kidole. Macho yangu yalikuwa kwenye skrini karibu muda wote, kama niko sebuleni. Dayton watu ni kama 13,000, na viatu vinavyokwaruza sakafu unavisikia.

BintiUpanga:
Baba, ulikuwepo siku ile? Nimesoma mara mbili. Ilikuwaje?

BabaDayton:
Michigan State walikuwa kama wako kwao, chuo chao kipo jimbo hilo hilo. Rangi ya kijani kila upande. Sisi wenye bendera ya Tanzania tulikuwa watatu. Kila Hasheem alipozuia mpira tuliinuka sisi watatu tu, na hatukujali.

Na kama moyo bado unataka Detroit, nenda Ijumaa, siku moja kabla ya nusu fainali. Kwa kawaida timu zote nne hufanya mazoezi mbele ya watu na kiingilio ni bure. Wahi mapema uketi chini karibu nao.

Nuru_K:
Hapo kwa Ijumaa hata mimi nimekubali. Na mtoto ataingia pia. Kwa dola 1,500 baada ya hoteli na mafuta, sidhani kama ungepata viti viwili.

BintiUpanga:
Hilo la mtoto ndilo lililoniamua. Nilikuwa nimepanga niende peke yangu, yeye abaki kwa jirani, wakati jedwali tunajaza wote wawili.

Nimempigia fundi Morogoro leo, anakwenda kupima paa Jumamosi. Hela ya bati na mbao natuma kabla ya Krismasi ili kazi iishe kabla ya mvua. Machi tunakuja Dayton, Jumanne. Detroit tutakwenda ile Ijumaa, nimeshaandika jina kwenye daftari la ruhusa kazini. Kaka sijamjibu bado.

BabaDayton:
Mpitie kwetu mle kwanza. Mechi ya mwisho huchelewa kuisha, na mtoto ana shule Jumatano, kwa hiyo mletee na blanketi la kulalia kwenye gari wakati wa kurudi.