Safari ya gari Labrador na vijiji vya pwani, aliyewahi kupita anisaidie

BabaZuhra_MTL
Habarini wadau. Niko Montreal mwaka wa sita huu na kusema ukweli Kanada yenyewe sijaiona, nimeona maghala na barabara ya kwenda kazini basi. Sasa mama anakuja kutoka Pangani atakaa mpaka Agosti, na mimi nina likizo wiki mbili na nusu kuanzia mwanzoni mwa Julai, nikasema hapana, mwaka huu lazima tutoke. Nimekaa na ramani nikaona hii njia: Montreal hadi Baie-Comeau, tupande kaskazini na barabara ya 389 hadi Labrador, ile sehemu ya bara ya mkoa wa Newfoundland na Labrador, tupite Labrador City, Churchill Falls, Goose Bay, halafu tushuke pwani mpaka Blanc-Sablon tuvuke na feri kwenda kisiwa cha Newfoundland, tuzunguke huko, turudi na feri nyingine Nova Scotia kisha nyumbani.

Gari ni RAV4 ya 2016, sio 4x4, tairi bado nzuri. Tuko watano: mimi, mke, watoto wawili na mama ana miaka 67, ana sukari ila anatembea vizuri kuliko mimi. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Nauliza mafuta, mtandao, kulala, na je hiyo barabara kweli ni lami siku hizi au ni maneno ya watalii?

Halafu nilimwonyesha mama picha ya kijiji kimoja cha huko kwa video call, nyumba za mbao, boti zimepandishwa juu, akaniuliza "samaki wanashushwa saa ngapi hapo?" Sikuwa na jibu 😂

trela_na_maisha
Kaka karibu kwenye ulimwengu wangu. Nimepeleka mizigo huko misimu minne, Wabush na Goose Bay, kwa hiyo haya nakwambia ya machoni sio ya ramani.

Kwanza lami. Upande wa Labrador ile barabara kuu ya Trans-Labrador yote, zaidi ya km 1,100, walimaliza kuweka lami 2022. Kabla ya hapo ilikuwa changarawe na mashimo, watu walikuwa wanabeba tairi spea mbili na bado wanalala njiani. Sasa hivi RAV4 yako haina shida hata kidogo, 4x4 ya nini Julai. Kinachosumbua ni 389 ya upande wa Quebec, kama km 570 kutoka Baie-Comeau hadi mpaka wa Labrador, hiyo ina kona za kutapisha na nilipopita mara ya mwisho vipande vya changarawe vilikuwa bado vipo, na trela kama langu likikupita linakurushia mawe kwenye kioo. Ukiona trela linakuja punguza mwendo kaa kulia kwako mwache apite, usishindane nalo.

Mafuta: jaza Baie-Comeau, jaza Manic-5, jaza Relais-Gabriel, jaza Fermont, yaani kanuni ni moja tu, ukiona pampu jaza hata kama tenki lina robo tatu. Labrador City mpaka Churchill Falls ni kama km 240 hakuna kitu katikati, Churchill Falls mpaka Goose Bay kama 290 hakuna kitu. Halafu ile kubwa yenyewe, Goose Bay mpaka Port Hope Simpson, kama km 400 hakuna sheli, hakuna kibanda, hakuna mtu, miti na mabwawa tu unaendesha mpaka unaanza kuongea peke yako. Labrador ni nusu ya Kenya kwa ukubwa na watu wake hawafiki hata 30,000, sasa fikiria. Beba dumu la lita 20 ulifunge vizuri, sio ndani walipokaa watoto.

Simu ukishatoka mjini haishiki. Kabisa. Pakua ramani mapema na mwambie mtu unatoka saa ngapi unategemea kufika saa ngapi. Na beba tairi spea ya kweli sio ile ya baiskeli wanayoweka siku hizi.

Usiku usiendeshe. Kuna mnyama anaitwa moose, ni kama pofu (yule swala mkubwa) aliyesimamishwa kwenye miguu ya twiga, macho yake hayawaki kwenye taa kwa sababu kichwa kiko juu kuliko taa zako, ukimgonga unakata miguu mwili mzima unakuja kwenye kioo. Nimeona gari lililopigwa hivyo, sitaki kuelezea.

Ah na Manic-5 usipite tu kama ni sheli. Lile bwawa la Daniel-Johnson lina urefu wa mita 1,314 na kimo mita 214, limejengwa kwa matao, ukisimama chini unajiona sisimizi. Na Fermont kuna jengo moja refu km 1.3 limejengwa kukinga upepo, ndani mna nyumba, shule, maduka, watu wanamaliza baridi nzima bila kuvaa koti. Watoto watapenda.

MamaHalifax
Trela kamaliza ya barabara mimi niongeze ya pwani maana ndo niliyopenda, tulizunguka mimi na mume wangu 2023.

Ukishafika Port Hope Simpson punguza haraka jamani. Watu wanakimbilia feri wanaviruka vijiji vyote halafu wanarudi kusema Labrador hakuna kitu. Mary's Harbour kuna boti kama saa moja inakupeleka Battle Harbour, kisiwa cha wavuvi wa zamani wamekitengeneza vizuri, unaweza kulala huko huko. Red Bay ndo pale Wabaski kutoka Hispania na Ufaransa walikuwa wanakuja kuvua nyangumi miaka ya 1500, wanayeyusha mafuta yake wanapeleka Ulaya kuwasha taa, UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2013. Mama yako mtu wa Pangani ataelewa haraka kuliko sisi, mji uliotajirika na bahari halafu ukanyamaza. Pia Point Amour kuna mnara wa taa mita 33, ngazi ni nyingi mama abaki chini na chai yake.

Sasa sikiliza hili la SAA. Labrador karibu yote inatumia saa za Atlantiki lakini ile pwani ya kusini inatumia saa za Newfoundland ambazo ziko nusu saa mbele, ndio, nusu saa, usiulize kwa nini. Halafu Blanc-Sablon kwenye feri ni Quebec na upande ule hawasogezi saa kiangazi, kwa hiyo simu yako ikishika mnara wa huko inarudi nyuma saa moja na nusu. Na feri inafuata saa za Newfoundland. Mimi niliangalia simu nikajiona niko mapema nikanunua na chipsi, natokea bandarini meli inaondoka. Mume wangu hakuongea mpaka jioni. Vaa saa ya mkononi, iweke saa ya Newfoundland ukiwa Port Hope Simpson, usiiguse tena.

Feri zote mbili wekeni nafasi mapema hasa ile ndefu ya Port aux Basques kwenda North Sydney kule Nova Scotia, ni kama saa saba, na ndiyo itakula hela. Ile ya Blanc-Sablon kwenda St. Barbe ni chini ya saa mbili tu, na mwanzoni mwa Julai mkibahatika mnaona milima ya barafu inaelea palepale kwenye mlango bahari.

Inzi weusi nisisahau!! Mbu wa Tanga ni wastaarabu. Hawa wanaingia masikioni, kwenye nywele, wanang'ata nyama wanaondoka nayo. Nunua vyandarua vya kichwani kwa kila mtu, msivae nguo nyeusi.

chapati_ngumu
Na mimi niwe yule mbaya kwenye kikao. Kumweka mama wa miaka 67 mwenye sukari kwenye gari km 4,000 na zaidi kuangalia miti sioni mantiki. Mpeleke Cape Breton kule Nova Scotia, bahari ipo, vijiji vya wavuvi vipo, hospitali ziko karibu, wiki moja mmemaliza.

trela_na_maisha
@chapati_ngumu hoja ya hospitali nakubali, miti hapana, miti ndo yenyewe 😄 Labrador City na Goose Bay zina hospitali, Forteau pwani kuna kituo cha afya. Baba Zuhra, bima ya mgeni ya mama lazima isome kwamba inalipia kusafirishwa kwa ndege, huko mgonjwa mkubwa anatolewa kwa ndege sio ambulensi. Dawa zake beba mara mbili ya siku za safari, za baridi weka kwenye kifriji cha kuchomeka kwenye gari.

Na moto wa misitu angalia kila asubuhi. Juni 2024 Churchill Falls walihamishwa mji mzima, Julai wakahamishwa Labrador City. Barabara ni moja, ikifungwa umekwama upande uliopo.

BabaZuhra_MTL
Aisee asanteni sana. Mke kasoma hapa, lile la moose limemtisha lakini la Fermont limemlainisha. Nimegawanya: Baie-Comeau, Fermont, Churchill Falls, Goose Bay usiku mbili tupumzike, halafu pwani usiku nne. Swali la mwisho, kule Nain, kijiji cha pwani ya kaskazini kwa Wainuiti wenyeji wa asili, gari linafika? Na watoto wanacheka kwamba kuna wanyama wa huko, caribou, jina lao linasikika kama karibu 😂 wanasema tukiwaona tuwaambie starehe.

MamaHalifax
Nain hakuna barabara, ni ndege au meli kutoka Goose Bay, na meli itakula siku zako zote. Iache.

Na mwambie mama jibu la swali lake. Asishangae akikuta gati kimya. Samaki anayeitwa kod (cod) walikuwa wanamvua pale tangu enzi za mababu, serikali ikaufunga uvuvi Julai 1992 samaki walipoisha, watu kama 30,000 wakakosa kazi Newfoundland na Labrador, vijiji vikabaki na wazee. 2024 wakafungua tena kidogo. Siku hizi wengi ni kaa na kamba, vinakwenda moja kwa moja kiwandani, hakuna mnada ufukweni kama kwetu. Ila kiangazi kuna siku watu wanaruhusiwa kuvua kod wachache wa kula nyumbani, sio kuuza. Sisi tulikaa gatini L'Anse-au-Loup jioni tukawa tunaongea na mzee mmoja anasafisha samaki wake, akatupa wawili bure. Sasa mpeleke mama hapo jioni akae tu, asiulize bei.

BabaZuhra_MTL
Nimemsomea. Anasema atakuja na ndimu na pilipili.