Naomba ushauri: multimita inakata mawasiliano na kompyuta

Wakuu, habari za leo. Nina multimita ya mezani ya mtumba, ya zamani kidogo, ina tundu la RS-232 (la serial) na GPIB (la vifaa vya maabara) tu za kuunganisha kompyuta. Nataka ipime volti ya betri usiku kucha, maana kukaa macho nikiandika namba daftarini nimechoka.

Natumia lugha ya Python na PyVISA (maktaba yake ya kuongea na vifaa vya kupimia) kupitia adapta ya USB ya bei chee. Nikituma *IDN? (amri ya kuuliza wewe ni kifaa gani) inajibu vizuri. Nikituma SYST:REM (iendeshwe na kompyuta) kisha READ? (pima unipe jibu) nasoma bila shida, ila baada ya vipimo kadhaa inapiga mlio na kunyamaza. SYST:ERR? (amri ya kuuliza kosa ni lipi) inarudisha -410, yaani nimetuma swali jipya kabla ya kusoma jibu la kwanza.

Nimeiweka 100 NPLC (kila kipimo kidumu mizunguko 100 ya umeme), kwa umeme wetu wa 50 Hz ni sekunde 2 kila kipimo, na PyVISA kwa kawaida husubiri milisekunde 2000 tu. Nimeongeza hadi 10000, bado inagoma. Sasa naishuku adapta: huenda nyaya za DTR na DSR (za kuambiana nani yuko tayari kupokea) hazijaunganishwa.

Aliyewahi kupitia hili, ninunue adapta nyingine au nijipinde nitafute ya GPIB? Bei yake inatisha.