Furnesi inawaka na kuzima, vyumba vya juu ni friji: ninunue kubwa zaidi?

Mdigo_wa_Barafuni

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatia saini.

Nipo kitongoji cha Minneapolis, Minnesota, kwenye nyumba ya mwaka 1962. Chini sebule na chumba chetu, juu vyumba viwili wanakolala watoto. Furnesi ya gesi, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, iko besimenti (chumba cha chini ya nyumba), kibandiko kinasoma 100,000 BTU (kipimo cha joto kwa saa), asilimia 80, ya mwaka 1999. Inawaka, inazima, inawaka tena, usiku kucha. Baridi ikikaza, sebuleni napata nyuzi 70 (Fahrenheit, nimeshazizoea) na juu 60. Wa mwisho analala na soksi mbili na kofia kama anapanda Kilimanjaro.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alikaa dakika kumi, akasema furnesi imezidiwa, akaniandikia ya 120,000 kwa dola 6,800. Ngazi za juu hakuzigusa. Wa pili alikaa saa mbili, akatoboa bati sehemu mbili, akachomeka vijibomba vya kipimo chake, akaandika 0.92 na kutikisa kichwa. Yeye anataka kuweka ya 60,000 ya asilimia 96 na kurekebisha dakti (njia za bati zinazopitisha hewa ya furnesi), dola 9,400. Yaani nilipe zaidi nipate ndogo? Mke wangu anasema huyu wa pili tapeli. Nisaidieni.

chapati_maji

Mkuu rudi Tanga. Joto bure, mbu bure.

FundiBati_Columbus

Nafanya kazi hii Ohio mwaka wa kumi na moja. Mwambie shemeji, kwa salamu zote, wa kuogopwa ni yule wa dakika kumi.

Furnesi inayowaka na kuzima hivyo mara nyingi inajichemsha yenyewe. Moto upo mwingi, hewa ya kuubeba ni kidogo. Ndani mna swichi ya usalama: joto likipita kiwango inakata gesi, feni inaendelea kupuliza mpaka bati lipoe, kisha moto unaanza upya. Ukiweka ya 120,000 kwenye dakti hizohizo umeongeza kuni chini ya sufuria ileile. Wali wa chini unaungua, wa juu bado mbichi.

Na hiyo 0.92 ndiyo habari yenyewe. Ni presha ya hewa ndani ya dakti, kwa inchi za maji. Furnesi nyingi za majumbani zimeandikwa mwisho 0.50. Furnesi yako ina presha, kama mzee wa miaka sabini anayekula chumvi.

Nifanyie vitu viwili. Chukua kipimajoto cha nyama, pima hewa inayoingia kwenye furnesi na inayotoka, toa moja kwa nyingine. Kisha usiku wa baridi kali, hesabu dakika ambazo moto unawaka ndani ya saa moja. Moto, si feni.

Mdigo_wa_Barafuni

Nimepima. Tofauti ni nyuzi 84. Kibandiko kinasema iwe kati ya 40 na 70.

Dakika nimehesabu jana usiku nikiwa nimekaa kwenye ndoo besimenti, nje nyuzi 5 chini ya sifuri. Ukijumlisha vipande vyote, moto umewaka dakika 27. Sebule ilibaki 70 saa nzima.

FundiBati_Columbus

Safi, sasa tunaongea kwa hesabu. 100,000 kwa asilimia 80 inaingiza ndani 80,000, nyingine 20,000 zinapanda na bomba la moshi. Dakika 27 kati ya 60 ni 36,000 kwa saa. Hicho ndicho nyumba yako ilichokula usiku ule. Hata baridi ikishuka nyuzi kumi zaidi hufiki 42,000. Furnesi ya 60,000 ya asilimia 96 inakupa 57,600, na chenji inabaki. Uliyo nayo ni kubwa mno tayari, tangu siku ilipofungwa. Mwombe tu fundi wa pili akuandikie hesabu ya Manual J, yaani ya joto ambalo nyumba inahitaji, chumba kwa chumba, kabla hajaagiza kitu.

BintiMakunduchi

Kaka, mimi si fundi ila nimeishi na tatizo hili Edmonton miaka minne. Maswali: huko juu kuna njia ya kurudishia hewa kwenye furnesi, au matundu ya kupuliza tu? Watoto wanafunga milango? Na filta ni ipi?

Kwangu milango ilikuwa inafungwa, na hewa haiwezi kuingia chumba ambacho haina pa kutokea. Tulilala siku moja milango wazi, nyuzi zikapanda tano bila senti.

Halafu washa udi. Sitanii. Feni ikiwa inazunguka, pitisha kijiti polepole kwenye kila kiungo cha dakti. Moshi ukirushwa pembeni, hapo panavuja; ukinyonywa, hapo panavuta hewa ya besimenti. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kubana matumizi ya nishati, unasema nyumba ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa ya dakti kwa njia hiyo.

Mdigo_wa_Barafuni

Dada, juu hakuna ya kurudishia hata moja! Milango inafungwa, ndiyo, kwa sababu wakubwa hawataki kelele za TV. Filta nimeweka ile ya bei mbaya, MERV 13 (namba ya uwezo wa filta kunasa vumbi), unene inchi moja, kwa sababu ya pumu ya wa mwisho.

FundiBati_Columbus

MERV 13 ya inchi moja ni kupumua kupitia blanketi. Kwa ajili ya mtoto endelea na MERV 13, ila mwambie fundi akuwekee kasha la filta ya inchi nne. Eneo ni kubwa, hewa inapita.

Viungo vizibwe kwa mastiki, ule uji mzito unaopakwa kwa brashi, ukauke siku nzima. Ile tepu ya kitambaa ya kijivu usiguse. Maabara ya Lawrence Berkeley, California, walijaribu aina nyingi za vizibio mwaka 1998, na hiyo ndiyo iliyoshindwa, pamoja na kwamba imepewa jina la dakti.

kiboko_ya_baridi

Mbona hakuna anayetaja pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani? Siku hizi zinafanya kazi hata kwenye baridi kali.

FundiBati_Columbus

Zinafanya. Lakini nayo inataka dakti pana kuliko furnesi, maana hewa yake si moto kama ya gesi. Kwa dakti hizi utalia vilevile.

Mdigo_wa_Barafuni

Nimewasha udi, nyumba nzima inanukia harusi. Viungo vinavuja karibu vyote. Kuna sehemu bati limepigiliwa misumari chini ya boriti mbili ndiyo ikawa njia ya kurudishia hewa, inanyonya moshi kama mvuta sigara. Na pembeni ya furnesi mtu alikata tundu kwenye hiyo njia, ukubwa wa sahani. Jambo moja limenishangaza: nilipofika kwenye hita ya maji, pale juu bomba la moshi linapoanzia, moshi wa udi haukupanda. Ulirudi usoni kwangu.

FundiBati_Columbus

Zima hita ya maji. Sasa hivi, kabla hujasoma kinachofuata.

Hilo tundu linanyonya hewa ya besimenti kwa nguvu kiasi cha kuurudisha chini moshi wa hita ya maji, na feni inausambaza hadi vyumbani. Ndani yake huwa na kaboni monoksidi, haina harufu. Weka king'ora chake kila ghorofa leo, piga simu kwa kampuni ya gesi waje kupima. Tundu lizibwe, lakini njia mpya ya kurudishia hewa iongezwe, la sivyo furnesi itachemka zaidi. Na furnesi ya asilimia 96 haitumii dohani, inatoa moshi kwa bomba la plastiki ukutani. Hita ya maji itabaki peke yake kwenye dohani pana kupita kiasi. Muulize fundi atafanya nini na hilo. Akibabaika, tafuta wa tatu.

Mdigo_wa_Barafuni

Nimezima. Wa gesi wamekuja, wamepima, wamebandika kibandiko chekundu kwenye hita, maana yake isitumike. King'ora nimenunua vitatu.

Jana tumeoga kwa maji ya kuchemsha jikoni, ndoo na kopo, wanangu wamefurahi kuliko Krismasi. Fundi wa pili anakuja kesho saa mbili asubuhi. Aliyempigia simu ni mke wangu, na swali la kwanza alilomuuliza ni la dohani.