Simulesheni ya chuma ndani ya kalibu: mahesabu hayatulii, kasi ya juu ni ndogo mno

Iyunga_Mekanika (Mbeya)
Wakuu, salaam. Naiga mtiririko wa chuma cha pua kilichoyeyuka ndani ya kalibu ya kusubu mfululizo (chuma kinamiminwa juu na kuvutwa chini bila kukoma). Slabu (bamba nene linalotoka) ni 1500 × 220 mm, kasi ya kuvuta 1.2 m kwa dakika. Bomba la kauri la kumiminia chuma lina kipenyo cha ndani 75 mm, limezama 170 mm, matundu mawili yameinama nyuzi 15. Natumia simpleFoam (programu ya OpenFOAM ya mtiririko uliotulia) na k-epsilon (modeli ya msukosuko), nusu ya kalibu yenye tundu moja, urefu 1.2 m, seli (vipande vidogo vya mahesabu) milioni 3.1, laptopu ya RAM GB 16. Ingizo nimeweka 1.49 m/s. Mabaki ya mahesabu (kosa linalosalia kila duru) yamegoma kwenye 10⁻², kasi ya uso wa juu inatoka 0.04 m/s, na presha ya ingizo ni 0.8 tu. Nimekosea wapi?

Kihesa_Juu (Iringa)
Mkuu, presha si kosa. simpleFoam inagawanya presha kwa msongamano, kwa hiyo hiyo 0.8 ni m²/s². Zidisha kwa 7000 kg/m³, unapata Pa 5600. Ingizo lako pia liko sawa: lita 6.6 kwa sekunde kupitia bomba la 75 mm.

Hiyo 0.04 inanipa shaka kwamba uso wa juu umeuacha "noSlip", yaani chuma umekifunika kwa ukuta. Pale juu kuna poda ya kufunika chuma, iliyoyeyuka. Weka "slip", chuma kiteleze bila kukwama. Viwandani wanalenga 0.2 hadi 0.4 m/s. Ikipungua, poda haipati joto la kutosha na ukingo wa chuma unaanza kuganda. Ikizidi, mkondo unanyofoa slagi (hiyo poda iliyoyeyuka) na kuizamisha, nayo utaikuta kama kasoro kwenye bati.

Kuhusu kutotulia: 1.2 m ni fupi mno. Mkondo ukigonga upande mwembamba unagawanyika, mmoja unapanda na kurudi kwenye bomba, mwingine unashuka na kuzunguka kwenye kina kirefu kuliko hapo ulipokata. Ukikata katikati ya mzunguko, chuma kinarudi ndani kupitia mlango wa kutokea, na programu haijui kinakuja na msukosuko kiasi gani. Refusha hadi m 3, k na epsilon (vipimo vya msukosuko) uzipe "inletOutlet", sharti la mlango ambalo chuma kinaweza kutoka na kurudi. Seli zako ni kama mm 4. Chini ya m 1 ziache zikue polepole hadi mm 12, la sivyo laptopu itakesha.

Hata hivyo usitegemee itulie kabisa. Mtiririko huu unayumba kwa asili yake. Tokeo la simpleFoam lifanye mwanzo, kisha hamia pimpleFoam, inayofuata mabadiliko ya muda. Kwa seli za mm 4 na mkondo wa 1.5 m/s, hatua ya muda isizidi sekunde 0.0026. Tupa sekunde 30 za kwanza, chukua wastani wa 60 zinazofuata. Hifadhi kila sekunde 1 na uweke "startFrom latestTime", maana umeme ukikatika alfajiri hutaki kuanza upya.

uyole_maji
Nakubali, ila nusu ya kalibu inaficha jambo. Ule ukuta wa ulinganifu unazuia mkondo wa kushoto na wa kulia kupishana. Wastani utaupata, lakini kuyumba kwa pande mbili hutakuona mpaka uchore kalibu nzima.

Na kabla hujaziamini rangi za kwenye skrini, tengeneza kalibu ya akriliki ya nusu kipimo, upitishe maji. Mnato wa maji ukigawanywa kwa msongamano unakaribiana na wa chuma: takriban 1.0 × 10⁻⁶ kwa 0.8 × 10⁻⁶ m²/s. Linganisha kwa namba ya Froude (uwiano wa kasi na mvutano wa dunia): kasi inazidishwa kwa 0.71, ujazo kwa 0.177. Lita zako 6.6 zinakuwa 1.17 kwa sekunde, kama 70 kwa dakika, kazi ya pampu ya kawaida ya nyumbani. Rangi tumia pamanganeti kidogo. Maji ya Mbeya mwezi Juni ni ya baridi na mnato unapanda, lakini kwenye nyuzi 15 namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu ya mwendo na mnato) ndani ya bomba bado ni kama 35,000. Haiharibu kitu.

Iyunga_Mekanika
Asanteni sana. Kweli ilikuwa "noSlip". Ganda linaloganda kandokando nalo nilichore?

Kihesa_Juu
Kwa sasa hapana. Acha kuta wima, uzipe mwendo wa kushuka 0.02 m/s. Ganda hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Ukichukua mm 20 kwa mzizi wa dakika, chuma kikitoka kwenye kalibu ya 0.8 m lina kama mm 16 kila upande, na kwenye m 3 linapita 30. Wengi huchora kuta zikibana halafu wanasahau kuondoa kiasi cha chuma kilichoganda. Hapo kasi ya chini inapanda kwa zaidi ya 40% bila sababu, na mtu anaanza kulaumu meshi, yaani mgawanyo wa seli.

uyole_maji
Rekebisho hapo juu: si kipeo cha pili, ni kipeuo cha pili cha muda. Hesabu zenyewe ziko sawa.